Msumari wa Kisima Namba Nne

Mama Chupa hakuwa mtu wa kuambiwa amekosea. Si kwamba alikuwa mbishi wa bure. Taabu ni kwamba mara nyingi alikuwa hajakosea kweli, na mtu wa namna hiyo akishazoea, basi tena, mtaishi naye hivyohivyo. Jina lenyewe alipewa na watu wa mitaa ya kusini, kwa sababu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi walimwona akishuka kwenye gari la idara ya maji na kreti ya chupa nyeupe, akigonga geti la pampu kama anadai chake. Alikuwa mkuu wa maabara ya maji ya mji. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sinki lenye ufa, lakini thubutu uingie na viatu vya tope.

Mji ule ulikunywa maji ya visima sita vilivyochimbwa kwa mashine, kila kisima na pampu yake, kila pampu na kibanda chake. Ndani ya kibanda, juu ya swichi, pana msumari, na msumarini pametundikwa cheti cha mwezi chenye sahihi ya Mama Chupa. Cheti kikiwapo, pampu inawashwa. Kikikosekana, haiwashwi, hata aje nani. Sheria hiyo ilikuwa ya zamani na wengi waliiona kero, ila msimamizi wa kisima namba nne, mzee mmoja mfupi wa glavu za ngozi na miwani iliyofungwa kwa uzi, aliishika kuliko alivyoshika ndoa yake ya kwanza. Hayo ni maneno yake mwenyewe.

"Umekuja kutupa cheti au kututesa?" alikuwa akimuuliza kila mwezi.

"Nimekuja kuona kama bado hujafa."

"Nife, swichi nimwachie nani?"

Kati ya vitu alivyopima Mama Chupa, kilichotisha zaidi kilikuwa aseniki. Hiyo ni sumu inayotoka kwenye miamba chini ya ardhi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, na mtu anaweza kuinywa miaka na miaka huku akisifu utamu wa maji. Kikomo kinachokubalika ni mikrogramu kumi kwa lita. Kisima namba nne, mwezi nenda mwezi rudi, kilisoma tatu. Mara mojamoja nne. Mama Chupa anatia sahihi, anakwenda zake.

Sasa, maji ya namba nne yalikuwa na tabia moja. Yakitoka bombani yanang'aa, lakini yakikaa chupani mpaka kesho yake yanageuka rangi ya chai, na kutu nyekundu inashuka chini. Miaka kumi na miwili nyuma kutu hiyo iliziba mrija wa mashine ya kupimia, na mashine ikalala wiki tatu. Mama Chupa, wakati huo mgeni kazini, ndiye aliyepata dawa: kabla ya kupima, pitisha maji kwenye karatasi ya kuchujia. Mashine haikuziba tena. Alisifiwa mbele ya wafanyakazi wote, na kwenye mwongozo uliobandikwa ukutani akaandika kwa mkono wake hatua ya tatu: *Chuja kwanza.* Wino ulishapauka, lakini kila akipita alikuwa akiutupia jicho, na mimi simlaumu. Nani asiyependa kitu alichobuni mwenyewe?

Jumapili moja mchana alikuwa nyumbani kwa mama yake, kwenye mitaa ya kusini inayokunywa maji ya namba nne. Mdogo wake, fundi wa makochi ambaye karakana yake ilipakana na ua wa mama, akaingia, akavuta kigoda, akakaa bila kusalimu vizuri.

"Dada, nina jambo. Lakini usinirukie."

"Nimewahi kukurukia lini?"

Mama yao, aliyekuwa akikunja nguo, akakohoa kidogo.

Fundi akafungua viganja. Vilikuwa vimejaa vinundu vidogo vigumu, kama punje za mchele zilizojificha chini ya ngozi. Akafungua na vifungo vya shati, na kifuani kulikuwa na madoa, meusi kwa meupe. Alisema mwanzoni alidhani ni nyundo na sindano, kazi ni kazi. Kisha mwezi uliopita mteja akaleta kochi la mahameli. Fundi akapitisha mkono kulainisha kitambaa, kama alivyofanya maisha yake yote, na mkono ukanasa nyuzi na kuzivuta. Mteja akaona.

"Mahameli, dada. Mimi huyu, nivute nyuzi za mahameli."

"Ukaenda hospitali?"

"Kituo cha afya. Daktari akanitazama viganja, akaniambia vua viatu. Nyayo nazo vilevile. Akaniuliza, 'Wewe fundi, makochi unashona kwa miguu?'"

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Anasema ni aseniki," fundi akaendelea. "Anasema sikuanza jana. Amekwisha kuona watu watano wenye hali hii, wote wa mitaa hii hii. Ameniambia niache maji ya bomba mpaka yapimwe, na eti kuyachemsha hakusaidii kitu. Nikamwambia yamepimwa. Anayeyapima ni dada yangu, tumbo moja."

Akaifunga mikono.

"Sasa nakuuliza wewe. Ukisema ni salama, nitayanywa. Daktari nimemjua juzi. Wewe nimekujua tangu unanifunga kamba za viatu."

"Ni salama," Mama Chupa akasema. Hakufikiri hata kidogo.

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaenda bombani pale uani, akanywa vikombe viwili mfululizo mbele ya macho yake. Alikunywa kwa raha ya mtu aliyetua mzigo.

Jumatatu ilikuwa siku ya chupa. Jumanne akachuja, akapima: tatu. Akarudia: tatu. Akampigia simu daktari kwa sauti ile ya watu wenye haki mkononi.

"Daktari, namba zangu hazisemi uongo."

"Na viganja vya mdogo wako vinasema uongo?" daktari akauliza taratibu.

Alikata simu kwa hasira. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na Jumatano baada ya kazi, badala ya kwenda kwake, akajikuta anakwenda kwa mama.

"Mama, hebu nione mikono yako."

"Umeanza kunipima na mimi?"

"Nipe tu."

Viganja vya mama vilikuwa laini. Vimekunjamana, ndiyo, ila laini, na nyayo vivyo hivyo. Mama Chupa akashangaa. Mama alikuwa mzee zaidi, aliishi hapo miaka mingi zaidi, na kwa kunywa maji hakuna aliyemshinda.

"Maji yako unayatoa wapi?"

"Bombani. Ulitaka niyatoe mbinguni?"

Basi akamwonyesha, ingawa hakuna asiyejua katika ukoo ule. Chini ya dirisha palikuwa na ndoo tatu zenye vifuniko: ya leo, ya jana, na ya juzi. Mama alikunywa ya juzi tu. Aliteka kwa kata kutoka juu, polepole, na maji yakibaki kimo cha kiganja anayamwaga pamoja na tope lake jekundu kwenye mtaro. Wajukuu walimtania kwamba kwa bibi hata maji yanapanga foleni. Fundi ndiye aliyecheka kuliko wote, yeye anayekinga mdomo bombani akiwa na kiu.

"Mnicheke tu," mama akasema. "Maji ya leo yana haraka, bado yana uchafu wa safari. Na wewe usijifanye hujui. Si ulinieleza mwenyewe, mwaka ule uliosifiwa kazini? Ulisema unayachuja kwanza ndipo unayapima. Nikafurahi, nikasema huyu kanifuata mimi."

Mama Chupa akaketi juu ya ndoo ya jana.

"Ondoka juu ya maji yangu," mama akamwambia.

Hakuondoka. Alikuwa anaiona karatasi ya kuchujia, duara nyeupe, inavyogeuka nyekundu, na mkono wake mwenyewe unavyoikunja na kuitupa kwenye pipa. Kila mwezi, miaka kumi na miwili. Alikuwa akipima maji anayokunywa mama yake, kisha anatia sahihi kwa maji wanayokunywa watu wengine wote.

Alhamisi alifika maabara kabla ya wafagiaji. Alikuwa na maji yaliyotekwa asubuhi ile ile kisima namba nne, hayakuchujwa, ametia matone ya asidi ili kutu iyeyuke isizibe mrija. Matone tu, jamani. Miaka yote hiyo asidi ilikuwa kabatini. Mashine ikasoma themanini na sita. Akaisafisha, akarudia. Themanini na nane. Kisha akapima maji ya ndoo ya juzi ya mama: kumi na nne. Maana yake sumu ilikuwa imeshikamana na kutu. Kutu ikishuka inashuka nayo, si yote, ila nyingi. Ile karatasi ya Jumanne ilikuwa bado kwenye pipa, imekunjwa, nyekundu. Akaiokota na kuiweka mezani.

Alilia. Nasema wazi, kwa sababu wapo watakaokwambia Mama Chupa halii. Aliwaza vyeti mia na arobaini na vinne, na mdogo wake akinywa vikombe viwili vya Jumapili, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Lakini hakulia sana. Visima vilikuwa sita, na namba nne ni kimoja tu. Akajifuta uso, akaita gari, akapita visima vyote, na kufikia saa sita mchana alikuwa amepima kila kimoja bila kuchuja. Namba mbili, sita. Namba tano, nne. Vingine navyo chini ya kumi. Ubaya ulikuwa namba nne peke yake, na bomba la namba mbili lingeweza kufunguliwa kuelekea kusini kwa zamu, asubuhi na jioni. Alipokwenda kwa mkurugenzi alikuwa na kila kitu kwenye karatasi moja.

Mkurugenzi alikuwa mtu mpole aliyelipenda sana neno "utaratibu". Akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kisima tukifunge, hilo halina mjadala," akasema. "Tutatangaza pampu imeharibika. Hatua ya tatu uifute kwenye mwongozo, kuanzia mwezi ujao unapima kwa njia mpya. Kwa utaratibu. Hakuna haja ya kufukua ya nyuma. Wewe umebakiza miaka miwili ustaafu, jina lako zuri. Kwa nini ulichafue kwa mkono wako?"

Na msidhani hakutamani. Kwa muda wa pumzi mbili tatu alilitazama lile jina lake zuri kama mtu anayetazama nguo dukani.

"Na wale watano wa daktari?" akauliza. "Na wengine, wanaoficha mikono mifukoni wakidhani ni kazi, au ni uzee, au wamelogwa? Pampu ikiharibika, nani kati yao atakwenda kutibiwa?"

"Watu wataogopa."

"Waogope. Wakiogopa watakwenda."

"Mama, watakulaumu wewe."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, bosi. Sikuja kutafuta pole. Nimekuja kukuarifu, maana cheti ni changu na ninakwenda kukishusha."

Mkurugenzi akafungua mdomo, akatafuta utaratibu unaozuia mkuu wa maabara kuondoa sahihi yake mwenyewe. Haukuwapo.

Kisima namba nne kilikuwa kinanguruma alipofika. Mzee wa pampu akamwona anaingia bila kreti, akaanza utani wake, kisha akaona mkono unakwenda msumarini.

"Hicho bado kina wiki tatu na ushei."

"Kimekufa leo. Zima."

Mzee hakuuliza mara mbili. Akazima, na kibanda kikawa kimya hivi kwamba walisikia maji yakirudi ndani ya bomba. Pale msumarini Mama Chupa akatundika karatasi nyingine, iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi ile ile. Ilisema kwamba maji ya kisima hiki yana aseniki themanini na sita wakati kikomo ni kumi. Ilisema mkuu wa maabara alikuwa akipima vibaya kwa miaka kumi na miwili, kosa ni lake. Mwenye vinundu viganjani au nyayoni aende kituo cha afya, kutuliza maji au kuyachemsha hakutoshi, na maji ya kisima namba mbili yatafunguliwa asubuhi na jioni.

Mzee akaisoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza akavua glavu moja ya ngozi, akageuza kiganja kwenye mwanga wa mlango. Kisha akakifumba.

"Mimi nilidhani vinundu hivi ni vya swichi," akasema.

Mama Chupa akamsogelea. Akamshika ule mkono uliofumbwa, akaukunjua mwenyewe, akautazama wote.

"Utakwenda leo. Gari langu litakupeleka."

Nakala nyingine alizibandika getini na kwenye kila bomba la mtaa. Watu wakajaa haraka, kama kawaida maji yanapokatika. Mshona nguo mmoja, mama wa watoto wanne, akasoma mpaka mwisho, akamgeukia.

"Miaka kumi na miwili umetuambia salama. Leo unatuambia sumu. Tukuamini kwa lipi?"

Lilikuwa swali la haki, na lilimuuma, lakini hakuinamisha kichwa.

"Usiniamini. Njoo Jumatatu maabara, wewe na yeyote, na chupa zenu mkononi. Mlango utakuwa wazi. Mtasimama nyuma yangu nikipima, na mkiona natupa kitu chochote kwenye pipa, mniulize ni nini."

"Nitakuja," mshona nguo akasema, na haikuwa sauti ya urafiki.

Mwisho akaenda karakana. Huko ndiko alikokuwa akikuogopa tangu asubuhi. Fundi alikuwa anafungua na kufunga bomba la ukutani, kikombe mkononi.

"Dada, maji yamekatika."

"Nimeyakata mimi."

Akamweleza yote amesimama, bila kupunguza wala kutia chumvi: karatasi, kutu, namba. Fundi akasikiliza huku ameegemea fremu ya kochi lisilo na kitambaa.

"Jumapili nilikunywa vikombe viwili mbele yako," akasema hatimaye.

"Nilikuona."

"Ukanitazama tu."

"Nilikuwa na hakika, mdogo wangu. Nilikuwa na hakika mno, ndiyo maana sikwenda kuangalia. Nilikosea. Nisamehe."

Tangu wazaliwe, fundi hakuwahi kumsikia dada yake akisema neno hilo la mwisho. Akavunjavunja kipande cha chaki ya kupimia kitambaa mpaka kikawa unga.

"Hivi vitaondoka?" Alimaanisha viganja.

"Nimempigia daktari tena, anasema ukiacha maji yale mwili utajisafisha polepole. Vingine vitapungua, vingine vitabaki. Ngozi lazima ichunguzwe kila baada ya miezi. Nitakwenda nawe kila mara."

"Na mahameli?"

"Sijui," akasema. Nalo lilikuwa neno geni kinywani mwake.

Fundi akapangusa chaki mikononi. "Na cheti cha mwezi ujao, cha hayo maji ya namba mbili, atatia sahihi nani?"

"Kama hawajanifukuza, mimi. Na wakinifukuza watanikuta mlangoni nikimsimamia atakayepima."

Hapo fundi nusura atabasamu. Akautazama mfuko wa dada yake, uliokuwa na chupa moja nyeupe ikichungulia.

"Hiyo ni ya wapi?"

"Namba mbili. Nimeiteka saa tatu asubuhi. Imesoma sita. Sijaichuja, wala sijaitia kitu."

Akanyoosha kikombe. Mama Chupa akamimina. Fundi akayanusa maji, akayatazama kwenye mwanga, ingawa alijua sasa kwamba kunusa na kutazama hakusaidii kitu. Akanywa nusu. Kisha akamrudishia kikombe, na alipokipokea vile vinundu vilimkwaruza vidoleni.

"Nusu yako," fundi akasema. "Kuanzia leo, ukinipimia, tunakunywa wote."

Mama Chupa akanywa mpaka tone la mwisho, akakitundika kikombe mahali pake ukutani.